Henry Royce

Sir Frederick Henry Royce (Alwalton, 27 Machi 1863 – West Wittering, 22 Aprili 1933) alikuwa mhandisi na mfanyabiashara wa Uingereza. Anajulikana hasa kama mwanzilishi, pamoja na Charles Rolls, wa kampuni ya Rolls-Royce iliyotengeneza magari ya kifahari na injini za ndege.

Royce hakubuni gari la kwanza duniani. Sifa yake ilitokana na kuchukua sehemu zilizokuwa tayari zinajulikana na kuzifanya zidumu, ziende laini na zisitoe kelele. Kwake kelele ilikuwa dalili kwamba kuna kitu kimelegea, kimepinda au kimeanza kulika, na hakuridhika mpaka chanzo chake kipatikane.

Utoto na masomo

Royce alizaliwa katika kijiji cha Alwalton karibu na Peterborough, akiwa mdogo kati ya watoto watano wa James Royce na mke wake Mary. Baba yake aliendesha kinu cha kusaga nafaka alichokikodi. Biashara hiyo ilishindwa na familia ikahamia London. Baba alifariki mwaka 1872, Henry akiwa na umri wa miaka 9.

Tangu hapo mtoto huyo alilazimika kutafuta riziki. Aliuza magazeti, kisha akapeleka simu za maandishi mitaani. Shuleni alikaa kwa muda wa mwaka mmoja tu kwa jumla.

Mwaka 1878 shangazi yake alikubali kumlipia ada ya uanagenzi katika karakana ya reli ya Great Northern mjini Peterborough. Huko alijifunza kazi ya chuma, na jioni alisoma peke yake hesabu na mambo ya umeme. Baada ya miaka 3 pesa za shangazi ziliisha, akalazimika kuacha kabla ya kumaliza. Alipata kazi kwa watengenezaji wa vifaa mjini Leeds, kisha akarudi London katika kampuni ya umeme. Mwaka 1882 alikwenda Liverpool kusimamia taa za umeme za barabarani na za ukumbi wa maonyesho.

Biashara ya umeme Manchester

Mwaka 1884 Royce alikuwa na akiba ya pauni 20. Rafiki yake Ernest Claremont aliongeza pauni 50, wakaanzisha kampuni ya F. H. Royce katika mtaa wa Cooke Street, eneo la Hulme, Manchester. Walianza kwa kutengeneza vitu vidogo kama kengele za umeme. Baadaye walitengeneza dainamo na winchi za umeme zilizosifiwa kwa uimara.

Mwaka 1893 Royce alimwoa Minnie Punt, na Claremont alimwoa dada yake Minnie. Royce na mkewe hawakuzaa watoto, ila walimlea Violet, mpwa wa Minnie.

Royce alizoea kufanya kazi usiku kucha na kusahau kula. Mwaka 1902 afya yake ilidhoofika. Wakati huohuo biashara ya winchi ilipungua kutokana na ushindani wa bidhaa za Ujerumani na Marekani.

Gari la kwanza

Katika kipindi hicho Royce alinunua gari la Kifaransa aina ya Decauville, lenye silinda mbili. Lilikuwa gari zuri kwa wakati wake, lakini yeye aliona kasoro nyingi: mtikisiko, kelele na mfumo wa kuwasha mafuta usiotegemewa. Alilifungua na kuchunguza sehemu moja baada ya nyingine. Kisha akaamua kutengeneza magari matatu yake mwenyewe katika karakana ya Cooke Street.

Gari la kwanza la Royce, lenye nguvu farasi 10 na silinda mbili, lilitoka karakanani tarehe 1 Aprili 1904. Yeye mwenyewe aliliendesha hadi nyumbani kwake Knutsford. Mpango wake haukuwa wa ajabu, lakini kila sehemu ilikuwa imepimwa na kusawazishwa kwa uangalifu, na gari lilikwenda kimya kuliko mengine ya ukubwa wake.

Moja kati ya magari hayo lilimfikia Henry Edmunds, mkurugenzi katika kampuni ya Royce. Edmunds alimfahamu Charles Rolls, mtoto wa kabaila, aliyekuwa na duka la magari London na aliyekuwa akitafuta gari la Kiingereza lenye ubora wa kulinganishwa na yale ya Ufaransa. Edmunds aliwakutanisha wawili hao tarehe 4 Mei 1904 katika Midland Hotel mjini Manchester. Rolls alipanda gari hilo na akakubali kuuza magari yote ambayo Royce angeweza kutengeneza. Mkataba ulitiwa sahihi Desemba mwaka huo, na kampuni ya Rolls-Royce ilisajiliwa mwezi wa Machi 1906. Mwendeshaji wa biashara alikuwa Claude Johnson.

Tatizo la injini ya silinda 6

Moja ya magari ya mwanzo ya kampuni lilikuwa na injini ya silinda 6 yenye nguvu farasi 30. Injini hiyo ilikuwa na tatizo lililowasumbua watengenezaji wote wa wakati huo. Krankishafti ya silinda 6 ni ndefu. Kila silinda inapolipuka, shafti husokotwa kidogo na kurudi, kama fimbo inayopindwa kwa mikono miwili. Kwa mwendo fulani wa injini misokoto hiyo huoana na mtetemo wa asili wa shafti yenyewe, na hapo injini hutetemeka kwa nguvu. Shafti inaweza hata kuvunjika.

Royce alitafuta dawa kwa njia mbili. Kwanza, katika injini mpya iliyofuata alifanya krankishafti kuwa nene na fupi zaidi, akaishika kwa beringi 7. Pili, alitumia kizuia mtetemo kwenye ncha ya mbele ya shafti: gurudumu dogo linaloshikwa kwa msuguano na kuruhusiwa kuteleza kidogo, hivyo likala nguvu ya mtetemo kabla haijakua. Mhandisi mwingine Mwingereza, Frederick Lanchester, naye alishughulikia tatizo hilo katika miaka ileile.

Silver Ghost

Gari jipya la nguvu farasi 40/50 lilionyeshwa London mwishoni mwa mwaka 1906. Injini yake ilikuwa na ujazo wa lita 7. Moja ya magari hayo lilipakwa rangi ya fedha mwaka 1907 na kupewa jina la Silver Ghost, na baadaye jina hilo likatumika kwa aina nzima.

Mwaka huohuo gari hilo lilifanyiwa jaribio kubwa mbele ya wakaguzi wa chama cha magari cha Uingereza. Lilikwenda na kurudi kati ya London na Glasgow kwa jumla ya maili 15,000, yaani kilomita 24,000 hivi. Baada ya maili 629 injini ilizimika. Haikuwa imeharibika, bali mtikisiko wa barabara ulikuwa umefunga bomba la petroli. Bomba lilifunguliwa, safari ikaendelea, na gari likatimiza maili 14,371 zilizobaki bila kusimama kwa hitilafu yoyote. Mwishoni gari lilifunguliwa lote. Sehemu zilizohitaji kubadilishwa ili liwe kama jipya ziligharimu zaidi kidogo ya pauni 2.

Mwaka 1908 kampuni ilihamia kiwanda kipya katika barabara ya Nightingale Road mjini Derby. Silver Ghost iliendelea kutengenezwa hadi katikati ya miaka ya 1920, pamoja na mengine yaliyotengenezwa Springfield, Marekani.

Jina la gari hilo halikulikinga na aibu. Mwaka 1912 Silver Ghost moja katika mashindano ya milima ya Alpi ilishindwa kupanda mteremko mkali wa Katschberg huko Austria, kwa sababu giaboksi yake ya gia 3 haikuwa na gia nzito ya kutosha. Kampuni ilirudi mezani, ikatengeneza giaboksi ya gia 4, na mwaka 1913 magari yake yalifanya vizuri sana katika mashindano hayohayo.

Ugonjwa na kazi ya mbali

Tarehe 12 Julai 1910 Charles Rolls alifariki katika ajali ya ndege mjini Bournemouth. Mwaka uliofuata Royce aliugua vibaya, na mwaka 1912 alifanyiwa upasuaji mkubwa. Madaktari walidhani alikuwa na miezi michache tu ya kuishi. Aliishi miaka 21 zaidi.

Claude Johnson aliona kwamba Royce akirudi kiwandani angejimaliza kwa kazi. Hivyo alipangiwa kukaa mbali na Derby. Majira ya baridi alikaa Le Canadel, kusini mwa Ufaransa, ambako alijengewa nyumba. Majira ya joto alikaa kusini mwa Uingereza, na tangu mwaka 1917 katika nyumba ya Elmstead kijijini West Wittering, karibu na bahari. Aliachana na mkewe, na muuguzi Ethel Aubin alimtunza hadi mwisho.

Kundi dogo la wachoraji wa michoro lilikaa karibu naye. Michoro na barua zilitoka kwake kwenda Derby, na sehemu zilizotengenezwa au kuvunjika zililetwa kwake azikague. Hakuna sehemu muhimu ya gari iliyokubaliwa bila yeye kuiona. Utaratibu huo ulikuwa na gharama yake. Maamuzi yalichelewa, na wahandisi wa Derby walipaswa kungoja jibu la mtu aliyekuwa mgonjwa katika nchi nyingine. Lakini ulimpa nafasi ya kufikiri bila kusumbuliwa na shughuli za kila siku.

Upimaji wa magari

Kwa kuwa Royce hakuwa kiwandani, ilibidi majaribio yafanyike kwa utaratibu unaoweza kuandikwa na kutumwa. Idara ya majaribio iliongozwa kwa miaka mingi na Ernest Hives. Derby ilikuwa na mashine ya kutikisa magari: gari lilisimamishwa juu ya magurudumu yenye vinundu, na yalipozunguka liligongwa kutoka chini kwa saa nyingi, kama linapita barabara mbovu. Sehemu dhaifu ilijionyesha kwa kulegea, kupiga kelele au kuvunjika. Baadaye magari ya majaribio yalipelekwa Châteauroux, Ufaransa, ambako yaliendeshwa maili 10,000 na zaidi katika barabara ndefu zenye mawimbi, kisha yakafunguliwa na kukaguliwa.

Kanuni ilikuwa rahisi. Sehemu ikivunjika haikutosha kuibadilisha kwa nyingine ya aina ileile. Ilitafutwa sababu, mchoro ukabadilishwa, na jaribio likaanza upya.

Injini za ndege

Vita Vikuu vya Kwanza vilipoanza mwaka 1914 serikali ya Uingereza ilihitaji injini za ndege. Royce alibuni Eagle, injini ya silinda 12 iliyopozwa kwa maji, iliyokuwa tayari mwaka 1915. Ilifuatwa na Hawk, Falcon na Condor. Wakati huohuo chasisi za Silver Ghost zilivikwa mabamba ya chuma kuwa magari ya vita. Yalitumika Ulaya na Mashariki ya Kati, na baadhi yalifika pia Afrika ya Mashariki katika vita dhidi ya Wajerumani.

Mwezi wa Juni 1919 John Alcock na Arthur Brown walivuka Bahari ya Atlantiki bila kutua kwa ndege ya Vickers Vimy yenye injini mbili za Eagle. Mwaka 1920 Vimy nyingine yenye injini hizo, iliyobeba ujumbe wa gazeti la The Times kutoka London kuelekea Cape Town, ilianguka Tabora katika Tanzania ya leo. Waliokuwemo walisalimika.

Mwishoni mwa miaka ya 1920 Royce aliombwa injini ya ndege za mashindano ya Schneider. Inasimuliwa kwamba alichora umbo lake la kwanza kwa fimbo kwenye mchanga wa pwani ya West Wittering, akizungumza na wahandisi wake. Injini hiyo, iliyoitwa R, iliendeshwa Derby kwa nguvu zote mpaka kitu kivunjike, kisha sehemu hiyo ikaimarishwa. Ndege za Supermarine zenye injini R zilishinda mwaka 1929 na 1931. Septemba 1931 moja ilivunja rekodi ya dunia kwa mwendo wa zaidi ya kilomita 650 kwa saa. Royce alipewa cheo cha baroneti mwaka 1930.

Kazi ya mwisho na kifo

Magari hayakumtoka akilini. Suala lililomshughulisha mwishoni lilikuwa shokapu, yaani kifaa kinachozuia springi kuendelea kurukaruka baada ya gurudumu kupita kwenye shimo. Magari ya zamani yalitumia shokapu za msuguano, zenye diski zilizobanwa pamoja. Katika miaka ya 1920 kampuni ilihamia kwenye shokapu za mafuta. Hata hizo zilikuwa na tatizo: shokapu laini inayofaa mjini huacha gari liyumbe katika mwendo wa kasi, na ile ngumu inayofaa mwendo wa kasi hugonga na kurusha abiria mjini.

Mwezi wa Aprili 1933 Royce alikuwa kitandani Elmstead. Wasimulizi wa maisha yake wanaeleza kwamba siku moja kabla ya kufa alichora nyuma ya bahasha shokapu ambayo ugumu wake ungeweza kubadilishwa, akamkabidhi muuguzi Aubin ipelekwe Derby. Alifariki tarehe 22 Aprili 1933, kabla mchoro haujafika. Katikati ya miaka ya 1930 magari ya Rolls-Royce na Bentley yalianza kuwa na shokapu za namna hiyo: dereva alisogeza kiwiko kidogo kwenye usukani, na shinikizo la mafuta likafanya shokapu kuwa ngumu au laini.

Mwili wake ulichomwa, na majivu yalihifadhiwa kwanza kiwandani Derby. Mwaka 1937 yalihamishiwa kanisani Alwalton, kijiji alichozaliwa. Kwa kuwa hakuwa na mtoto, cheo cha baroneti kiliisha pamoja naye.

Kelele za shokapu katika magari ya wakati wake

Magari mengi ya wakati wa Royce bado yanatembea, na shokapu zake ni kati ya sehemu zinazowasumbua mafundi. Shokapu hizo si mirija kama ya magari ya leo. Ni sanduku la chuma lililofungwa kwenye chasisi, lenye mkono unaounganishwa na ekseli kwa kiungo. Mkono ukizunguka, pistoni ndani husukuma mafuta kupitia valvu ndogo.

Fundi anayesikia mgongo upande mmoja huanza na vitu vya nje, kwa maana mara nyingi shokapu husingiziwa. Hukagua boliti zinazoshika sanduku, pini na bushi za springi, na bushi za kiungo. Mtu mmoja hutikisa gari likiwa limesimama juu ya magurudumu yake, na mwingine huweka vidole kwenye kila kiungo. Palipolika pataonekana kwa mkono kabla ya sikio.

Hatua ya pili ni kubonyeza kona ya gari na kuiachia. Ikirudi na kutulia, shokapu inafanya kazi. Ikiendelea kuruka, imechoka au haina mafuta.

Hatua ya tatu ni kufungua kiungo na kusogeza mkono wa shokapu polepole toka mwisho mmoja hadi mwingine. Unapaswa kuwa mzito kwa usawa njia nzima. Ukiwa mwepesi mwanzoni kisha ukashika ghafla, ndani kuna hewa au mafuta yamepungua, na huo mshtuko ndio mgongo unaosikika barabarani. Ukiwa mwepesi upande mmoja tu, huenda valvu imekwama au imeingia uchafu. Ukigoma kabisa, mafuta ya zamani yameganda. Mafuta yakionekana nje kwenye shafti ya mkono, sili imekwisha.

Shokapu ikijazwa, mkono husukumwa taratibu mara nyingi mpaka hewa itoke, kisha mafuta huongezwa tena. Kuweka mafuta mazito ili kuficha uchakavu ni kosa la kawaida: gari huwa gumu asubuhi wakati wa baridi, na sehemu zilizolika zinabaki vilevile. Mwisho gari hujaribiwa katika barabara ileile na kwa mwendo uleule wa awali, na hubadilishwa kitu kimoja kwa wakati, ili ijulikane ni kipi kilichoponya.

Urithi

Miezi michache baada ya kifo cha Royce, Oktoba 1933, injini iliyokuja kuitwa Merlin iliwashwa kwa mara ya kwanza. Ilitumika katika ndege za Spitfire, Hurricane na Lancaster wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Hives, aliyekuwa amejifunza kazi chini ya Royce, aliongoza kampuni katika miaka hiyo.

Sanamu ya Royce ilizinduliwa Derby mwaka 1923, yeye akiwa bado hai. Kijana aliyekatiza uanagenzi kwa kukosa ada alikuwa amekuwa mmoja wa wahandisi wanaojulikana zaidi duniani, ingawa mwenyewe alipenda kujitambulisha kama fundi mitambo tu.